Barabara Iliyo Chini ya Maji

Jua lilikuwa limebakiza saa moja na ushei Raho alipoegesha gari kando ya bwawa, na hata hilo jua lenyewe halikuwa la kumkaushia mtu leso. Ndivyo ilivyo Uingereza majani yanapopukutika. Saa tisa alasiri watu wanawasha taa, saa kumi na nusu ni giza.

Nabintu alishuka na fimbo zake mbili za kuvulia, sanduku la ndoana, na kopo dogo la bati ambalo Raho hakupenda hata kuligusa.

Nabintu alizaliwa Idjwi, kisiwa cha katikati ya Ziwa Kivu, binti wa mvuvi wa sambaza, samaki wadogo kama dagaa, ambaye hakumruhusu hata siku moja kukanyaga mtumbwi wake. Mwanamke akipanda, samaki hukimbia, walisema. Birmingham ilimfundisha kwamba mwanamke akishanunua leseni, samaki hawana la kusema. Katika jumba la wazee alikofanya kazi, beji kifuani ilimwita Annonciata, jina lake la ubatizo. Raho, Msomali aliyekulia Eastleigh, Nairobi, na aliyeshika naye zamu moja miaka sita, alimwita Mama Aganze, kwa jina la mwanawe. Nabintu lilikuwa jina alilomwita mama yake, na mama yake alishazikwa Idjwi.

Mtu mwingine mmoja tu ndiye aliyelijua. Mzee Tibbetts.

Mzee Tibbetts alikuwa na miaka themanini na tisa, akikaa chumba cha mwisho koridoni. Miguu ilishakufa, lakini mdomo ulitembea. Ndiye aliyemfundisha Nabintu kuvua bwawa kubwa. Maji yakianza kupoa, alimwambia, samaki wadogo hukusanyika penye mteremko, na wakubwa huwafuata kama fisi nyuma ya mbuzi. Tafuta ukingo unaopigwa na upepo. Usivute kwa pupa. Acha chambo kizame mpaka kiguse tope, vuta kidogo, pumzika, vuta, pumzika. Na kila mwaka iko wiki moja ambayo bwawa lenyewe hupinduka: maji ya juu yakishapoa huwa mazito, yakazama, na ya chini yakapanda na kila kilicholala humo.

"Wiki hiyo," alisema mzee, "nenda kwenye barabara."

Maana bonde lile lilikuwa na kijiji kabla ya kujazwa maji. Barabara yake bado ilishuka kutoka ukingoni, ikaingia majini na kuendelea na safari yake huko chini.

Ijumaa, siku mbili kabla ya safari hii, mzee alimpa lile kopo. Ndani mlikuwa na samaki wa mbao, rangi imebanduka, mkia wake umefungwa nywele laini za kahawia. Nabintu alidhani ni za farasi.

"Mama yako alikuitaje?" mzee alimuuliza, amemshika kifundo cha mkono.

Akamwambia. Mzee akalirudia jina mara mbili, taratibu, asije akalisahau.

*

Kiran, mlinzi wa bwawa, aliwapa mashua ya plastiki yenye mota ya betri, akawafunga majaketi ya kuelea na kuwaonya mara mbili.

"Saa kumi na nusu muwe hapa. Ukungu ukishuka, rudini. Msingoje muone mwisho wake."

Walikwenda polepole wakifuata mteremko. Upepo ulikuwa umekata. Raho alishika kioo cha kuonyesha samaki, kitu kama simu kubwa chenye waya uliotumbukia majini. Samaki walionekana humo kama kucha zilizokatwa.

"Enyewe, Mama Aganze, siku ya off watu hulala," Raho alisema, amejikunja ndani ya koti na hijabu mbili. "Na ukimshika si utamrudisha? Unampiga picha, unamrudisha! Hiyo ni uvuvi ama ni madharau?"

"Ni sheria ya kwao, sha. Mi nataka tu nimuone."

"Umuone nani?"

Nabintu akacheka, lakini swali lilimkaa vibaya. Tangu asubuhi hakuwa ametulia. Alikuwa amerudi nyumbani mara mbili kuangalia kama amezima jiko. Miezi miwili alikuwa hajapata kitu zaidi ya sangara wadogo wenye mistari, na leo mikono yake ilitaka kutupa ndoana kama mikono ya mlevi inavyotaka chupa.

Kioo kilionyesha tope, tope, mawe. Kisha mstari ulionyooka, mgumu, bapa.

Barabara.

Akamfunga yule samaki wa mbao kwenye mshipi na kumtupa. Plopu. Akaacha azame. Mita tatu. Mita sita. Mita tisa.

Harufu ikaja hapo hapo.

Haikuwa ya samaki. Ilikuwa ya kisima kilichofunikwa miaka mingi, ya majani yaliyooza... na ndani yake, kwa mbali, sabuni. Sabuni ya kuogea.

"Ni maji yanapinduka," Nabintu alisema. "Muzee alinielezea."

Raho alikuwa ameinamia kioo.

"Kwani huku chini kuna miti?"

"Hakuna. Ni barabara."

"Basi hii imesimama ni nini?"

Nabintu akatazama. Juu ya barabara palikuwa na mstari mmoja mwembamba, wima. Urefu wake wa mtu. Akavuta mshipi kidogo, jinsi alivyofundishwa. Ule mstari ukasogea.

Akapumzika. Ukasimama.

Akavuta. Ukasogea.

"Walahi inakufuata," Raho alinong'ona. "Wacha kuvuta."

Nabintu akaacha kabisa. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi.

Mstari haukuacha.

Ulikuwa ukija kidogokidogo, ukiyumba kushoto na kulia, kama mtu mwenye miguu. Ukungu nao ukashuka bila kubisha hodi. Ukingo ukapotea. Kibanda cha Kiran kikapotea. Ikabaki mashua, na maji meusi kiasi cha kitanda kila upande.

"Nabintu."

Ilikuwa sauti ya mwanamke. Haikupayuka. Ilimwita kama mama amwitavyo mtoto aje ale.

Baba yake hakumfundisha kuvua, lakini hili aliwafundisha watoto wote nyumbani, wa kiume na wa kike: ukiitwa majini usiitike, wala usimtaje mwenzako. Jina likianguka majini haliokotwi.

"Nabintu..."

Raho aliinua kichwa. Hakulijua jina hilo. Alidhani ni mtu wa ukingoni anayemtafuta mwenziwe, na kwa wema wake akaweka mkono mdomoni na kupaza sauti.

"Hakuna mtu anaitwa hivyo hapa! Umekosea!"

Tone moja la maji lilisikika likidondoka mahali.

Kisha sauti ikauliza kwa upole, na sasa ilikuwa karibu, nyuma kabisa ya bega la Raho:

"Na wewe ni nani?"

Raho akafungua mdomo kujibu.

"Raho, nyamaza!"

Nabintu alilisikia jina likimtoka. Alitamani kulidaka, kulirudisha kooni, kulimeza. Likaenda. Likapita juu ya maji, likaingia kwenye ukungu, na ukungu ukalipokea.

"Raho," ilisema ile sauti. Ilikuwa imeridhika.

Hapo fimbo ikapinda. Haikurushwarushwa kama anavyofanya samaki mkubwa. Ilivutwa chini moja kwa moja, kwa uzito, kama ndoo inayoshuka kisimani. Mota ikanyamaza. Nyuma ya mashua ikainama, maji ya baridi yakaingia viatuni. Na kwenye ukingo wa mashua, upande aliokaa Raho, ikatokea alama ya maji. Moja. Ya pili. Ya tatu. Ya nne. Zimepangana kama vidole vinavyoshikilia.

Raho alianza kusoma Ayatul Kursi, sauti imemkauka.

Nabintu akashika kisu cha samaki na kukata mshipi.

Mashua iliruka kwa kuachiliwa ghafla, karibu iwatupe wote wawili. Hakungoja. Akatwaa makasia na kupiga maji bila kujua anakoelekea, akimwomba Mungu kwa lugha ya kwao, mwenzake akimwomba kwa Kiarabu, mpaka wakauona mwanga wa tochi ya Kiran ukizunguka juu ya ukungu.

Kiran aliwavuta ukingoni. Alipomulika ndani ya mashua, tochi ikasimama juu ya lile kopo la bati, liko wazi, tupu.

"Hili mmelitoa wapi?"

Nabintu akamwambia.

"Miaka mitatu nyuma kuna kijana alikuja nalo," Kiran alisema. "Mlezi wa wazee, kama nyinyi. Mashua tuliipata."

"Na yeye?"

Kiran alizima tochi, akaanza kufunga kibanda.

*

Jumatatu Nabintu aliingia zamu ya asubuhi akakuta taa ya chumba cha mwisho inawaka. Mzee Tibbetts alikuwa ameporomoka kwa usiku mmoja kama nyumba ya udongo iliyonyeshewa. Macho yalikuwa yameingia ndani. Alipomwona Nabintu amesimama mlangoni, hai, alijaribu kurudi nyuma kitandani, miguu isimtii.

"Umerudi," alisema.

"Nywele za nani zile?"

Mzee alilia machozi machache. Maneno yakamtoka vipande vipande. Alikuwa mtoto walipohamishwa kutoka kile kijiji cha bondeni. Dada yake alikuwa akimwogesha siku maji yalipoanza kupanda bondeni, mtoto akaagizwa amfuate dada nyuma... na yeye akakimbia, hakugeuka. Dada alipomwita, hakuitika, na dada akabaki majini; nywele zilikuwa zake.

"Kila maji yanapopinduka huniita," alisema. "Ni lazima apate wa kuitika. Nilikuwa nampelekea..."

Hakumaliza. Akamshika Nabintu mkono, na kiganja chake kilikuwa kimejikunja ngozi kama cha mtu aliyekaa majini kutwa.

"Nani aliitika?" alinong'ona. "Si wewe. Nani?"

Nabintu akautoa mkono wake na kuondoka. Alhamisi mzee alikufa. Daktari aliandika mapafu, na mapafu yalikuwa yamejaa kweli.

Nabintu alijiambia yamekwisha.

Jumamosi Raho hakufika kazini. Jumapili vilevile. Jumatatu jioni, saa kumi na mbili, Nabintu alishuka basi Coventry Road, akapita maduka ya nguo na harufu ya nyama ya kuchoma, akagonga mlango wa nyumba ya Raho. Watoto walikuwa chuoni, wakisoma Qurani. Raho alifungua akiwa amejifunika blanketi. Alikuwa amekonda.

Alifunga makomeo yote mawili, kisha akaziba tundu la barua mlangoni kwa kanga.

"Kuna mtu huniita hapo," alisema. "Kila jioni, giza likishaingia. Anainua kile kibati, ananiita. Sijaitika. Lakini haki nimechoka, Mama Aganze. Sai nikisikia mtoto akiniita, sijui kama ni mtoto."

Wakakaa ngazini. Nabintu alimpa chai, haikunywewa.

"Kitu kimoja kinanisumbua," Raho alisema. "Siku hiyo uoga ulinifuta yote. Hiyo kitu ilijuaje jina langu?"

"Sijue, sha."

Uongo ule ulimtoka kirahisi kabisa, kirahisi kama jina lilivyomtoka. Akaona aibu mpaka masikio yakamwaka.

Kibati cha tundu la barua kikalia.

Tiki.

Kanga ikaanza kulowa. Kutoka katikati, doa likipanuka. Harufu ikapita chini ya mlango: kisima, majani... sabuni.

"Raho..."

Raho akaziba masikio, akaweka kichwa magotini. Nabintu alimtazama, mwanamke aliyempeleka bwawani kwa gari lake kwa sababu tu rafiki yake aliomba, asiyependa maji wala samaki. Akasimama. Akapiga magoti mlangoni, mdomo karibu na ile kanga inayochuruzika.

"Raho si wa kwako," alisema. "Yeye hakukupatia jina. Ni mimi nililitaja. Mi ndiyo Nabintu. Uliniita, nimeitika."

Nje, mtu alivuta pumzi. Pumzi ndefu, yenye maji ndani.

Kibati kikashuka.

Hawakusikia hatua. Basi lilipita barabarani, dirisha likatikisika. Harufu ikafifia, na kanga ikaacha kuchuruzika.

Nyuma yake Raho alikuwa ameinua kichwa.

"Ni wewe ulinitaja," alisema.

"Ni mimi. Nilitaka unyamaze. Nisamehe, dada."

Raho akateremka ngazi mbili, akamwinua kwa kwapa kama walivyozoea kuwainua wazee pamoja, akamfunika nusu ya blanketi lake.

"Na Nabintu ndiyo jina lako," alisema. "Miaka sita hukuniambia."

Saa moja ilipokaribia, Raho alivaa koti kwenda kuchukua watoto. Ilibidi, mwalimu wa chuo hangoji mtu. Alifungua mlango nusu, akachungulia, kisha akaufungua wote. Barafu nyembamba ilikuwa imetanda njia nzima ya mbele ya nyumba, nyeupe kama unga, kutoka geti mpaka kizingitini.

"Mama Aganze," aliita taratibu. "Njoo uone."

Nyayo zilikuwa zimechapwa kwenye barafu. Miguu mitupu, midogo, kama ya msichana. Zilitoka getini zikaja moja kwa moja mpaka mlangoni.

Za kurudi hazikuwepo.