Dokta Alivyozifuta Nyimbo za Fundi Barafu

"Umefuta zipi?"

"Zile zilizojirudia tu, mpenzi. Wimbo mmoja unao mara tatu, mara nne, wa nini? Nimekuachia ulio safi, zile zenye kelele nimezitoa."

"Zenye kelele?"

"Ndiyo, zile zinazokwaruza. Mbona unaniangalia hivyo?"

Mwanaume aliweka bisibisi juu ya friji iliyofunguliwa mgongo, akakaa kwenye kiti. Uso ulikuwa umemshuka.

Huyo ndiye Fundi Barafu. Kazi yake kutengeneza mafriji, na jina akapewa na mtaa. Mchumba wake aliuza dawa kwenye duka la ng'ambo ya barabara, na kwa kuwa watu hawakosi maneno, naye wakambatiza Dokta. Harusi yao ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Kadi zilishagawiwa, ukumbi ulishalipiwa.

Sasa Fundi Barafu alikuwa na ugonjwa wake mmoja, muziki. Alikuwa na diski ya kuchomeka kwenye kompyuta, imejaa maelfu ya nyimbo alizookota miaka nenda rudi, kwenye kanda, kwenye santuri, kwenye simu za wateja. Lakini mpangilio, jamani! Folda moja inaitwa Mpya, nyingine Mpya Mbili, nyingine Mpya Kabisa, na nyingine Mpya Ndiyo Hizi. Dokta, mwanamke ambaye akikuta dawa ya kikohozi imekaa na za minyoo anaumwa kichwa, alivumilia akachoka.

"Nipe hiyo diski niipange," alimwambia siku moja. "Iwe zawadi yangu ya harusi."

Jamaa akampa kwa mikono miwili. Kila jioni akitoka dukani Dokta alikaa pale karakana akisikiliza, akiandika majina ya waimbaji, akimpa kila mmoja folda yake. Alizipanga nyimbo kama anavyopanga rafu za dawa, na kwenye rafu za dawa kilichoharibika kinatolewa. Hapo ndipo alipojikwaa.

"Kwenye zile zenye kelele alikuwemo mama," Fundi Barafu alisema.

"Mama gani?"

"Mama yangu! Alikuwa anarekodi nyimbo za redioni. Anaweka kinasa sauti mbele ya redio, anakaa pembeni anachambua mboga, na wimbo ukimkolea anauimba juu yake. Humo ndani anaimba yeye. Kuna mmoja anakatisha katikati ananipigia kelele, 'Funga mlango, kuku wanaingia!' Kanda zenyewe zilioza zamani. Sauti ya mama haipo mahali pengine."

Mama mkwe mtarajiwa wa Dokta alikuwa amefanyiwa operesheni ya koo, na tangu hapo sauti yake ikabaki kunong'ona kwa shida. Siku hizi anaongea kwa kuandika ujumbe kwenye simu, hata ukiwa umekaa naye kochi moja.

"Mungu wangu! Mimi nilisikiliza mwanzo tu. Nikasikia inakwaruza, nikajua imeharibika."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Na wewe kwa nini hukuniambia?"

Dokta akakimbilia kompyuta.

"Tuangalie kwenye takataka, labda bado zipo."

"Uliziacha kwenye takataka?"

Dokta akainamisha kichwa. Yeye na takataka wapi na wapi? Alishazimwaga, kisha akaijaza diski upya kwa mpangilio wake mzuri. Kesho yake fundi wa kompyuta alihangaika nayo mchana kutwa, akawarudishia akitikisa kichwa.

Jioni hiyo simu ya Dokta ikalia.

"Nimempigia baba mdogo," Fundi Barafu alisema. "Nimemwomba awaambie ndugu kwamba harusi tunaiahirisha."

"Unaahirisha harusi kwa ajili ya nyimbo?"

"Nipe muda tu. Kila nikikuangalia namwona mtu aliyemfuta mama yangu."

Weee! Maneno mengine bora mtu akuchape kofi. Dokta alikata simu, akaingia stoo, akalia katikati ya maboksi ya dawa mpaka macho yakavimba. Siku zilizofuata aliuza dawa huku anavuta kamasi. Mteja mmoja aliyekuja kununua dawa ya mafua alimtazama usoni akamuuliza kwa huruma:

"Kwani na wewe hizi hazikusaidii?"

Kilichomuuma si ukumbi wala kadi. Alimpenda yule mwanaume, alimpenda na yule mama, na alijiona amewadhulumu wote wawili kwa mkono wake mwenyewe. Ikabidi aende kwa mama akaombe msamaha.

Alimkuta sebuleni. Akapiga magoti, akaeleza yote, machozi yanamtoka. Mama akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akavaa miwani, akachukua simu, akaanza kuandika kwa kidole kimoja, taratibu, mpaka Dokta akatamani kumsaidia. Simu ya Dokta ikalia mkobani.

*"Inuka hapo chini utaumia magoti. Kopi ipo."*

Dokta akamtazama mama. Mama akamwonyesha kwa kidole kwamba asubiri, bado anaandika.

*"Ipo kwa yule msusi wa karibu na posta. Zamani alikuwa mchumba wa mwanangu. Mwanangu alimwekea nyimbo zote kwenye flashi."*

"Mama! Na mwanao anajua?"

*"Anajua sana. Nimemwambia aende, anaogopa. Anasema akimtaja huyo mwanamke kwako utafikiri bado wanawasiliana."*

"Yaani ameona bora aahirishe harusi?"

*"Ndiyo mwanangu huyo. Baba yake alikuwa hivyo hivyo. Wewe nenda. Mimi sauti yangu nimeshaitumia na nimeifaidi. Msikose kuoana kwa sababu yake."*

Dokta akambusu mama shavuni, akatoka mbio.

Njiani hasira na furaha zilikuwa zinagombana kifuani mwake. Alipofika saluni alimkuta mwanamke mnene, mchangamfu, ana mtoto mgongoni na chanuo mdomoni.

"Karibu dada, unasuka au unaosha?"

"Hapana dada. Samahani. Mimi ni... mimi naolewa na Fundi Barafu."

Msusi akatoa chanuo mdomoni. Wateja wote wakageuka, hata aliyekuwa chini ya drayari akatoa kichwa.

"Kumbe ndiye wewe! Hebu geuka nikuone. Mzuri jamani! Sasa mbona macho yamevimba, ameshaanza kununa?"

Dokta alikuja amejiandaa kwa ugomvi, akajikuta anacheka na kulia kwa pamoja. Akamwambia yote.

"Haa!" msusi akapiga makofi. "Ndiyo maana! Juzi kanitumia ujumbe, 'Habari za siku nyingi.' Nikamjibu, 'Nzuri.' Kimya mpaka leo! Mume wangu akaniuliza huyu ana nini, nikamwambia mzoee, huyo anameza maneno. Dada, mimi naye tuliachana kwa ajili hiyo hiyo. Alininunia mpaka nikachoka, na kosa langu silijui hadi kesho."

"Na nyimbo bado unazo?"

"Nisiwe nazo? Hizo ndizo zinaniletea wateja! Mama yule anaimba bwana. Jamani, mama anasemaje?"

"Funga mlango, kuku wanaingia!" saluni nzima ikaitikia kwa pamoja.

Dokta akajifunika uso kwa mikono. Msusi akachomoa flashi kwenye redio, akamkabidhi.

"Nenda nayo, ukishazihamisha unirudishie. Ila nina sharti. Nataka kadi ya harusi, mimi na mume wangu. Na hizo nywele za bibi harusi nasuka mimi, sitaki kusikia umeenda kwingine."

"Nitakuja dada. Nakuahidi."

Fundi Barafu alikuwa amechuchumaa nyuma ya friji Dokta alipoingia karakana. Dokta hakumsalimia. Akaenda moja kwa moja kwenye kompyuta, akachomeka flashi, akafungua sauti yote.

Redio ikakwaruza. Gitaa likaingia. Kisha sauti ya mwanamke, nene, iliyoshiba, ikapanda juu ya wimbo bila wasiwasi wowote. Fundi Barafu akainuka na grisi yake mikononi. Akasimama hivyo hivyo, machozi yakamshuka, wala hakujaribu kuyaficha.

"Umeipata wapi?" akauliza.

"Unajua nilikoipata."

Fundi Barafu akaitazama flashi.

"Nakuuliza wewe. Ulijua ipo?"

"Nilijua."

"Ukaniacha nalia stoo? Ukaniambia nimemfuta mama yako, na kopi unajua iko wapi?"

"Niliogopa kumtaja. Nilijua utasema—"

"Ulijua nitasema nini? Uliniuliza? Mimi nilikosea, nimefuta bila kuuliza, na nimelia kwa ajili hiyo. Lakini mimi nilifuta bila kujua. Wewe ulinyamaza huku unajua!"

Fundi Barafu akavuta kiti, akakaa. Safari hii hakununa, na hilo peke yake lilikuwa jambo jipya.

"Umesema kweli," akasema. "Nilikuwa na hasira na wewe, halafu nikajionea aibu mimi mwenyewe, halafu nikashindwa nianzie wapi. Kila siku ilipopita ikazidi kuwa ngumu. Nisamehe, mpenzi. Yale maneno ya kwenye simu nisamehe zaidi."

"Kuanzia leo, kitu kikikukaa moyoni unasema. Kiwe kizuri kiwe kibaya."

"Nasema."

"Haya anza sasa hivi. Kuna nini kingine?"

Jamaa akajikuna kichwa, akajipaka grisi.

"Mpangilio wako. Nilisema sitaki hata kuuona. Lakini siku zote hizi nausikiliza humu kila nikifanya kazi. Nyimbo zinapatikana! Nilikuwa na nyimbo ambazo nilisahau kama ninazo."

Dokta akauma mdomo asicheke. Akampigia mama, akaiweka simu mbele ya spika, na wimbo mzima ukapita. Upande wa pili hawakusikia kitu ila pumzi. Kisha ujumbe ukaingia.

*"Nilikuwa naimba vizuri hivyo? Ninyi hamkuniambia. Rudieni."*

Wakarudia. Na wakarudia tena. Halafu Dokta akamgeukia.

"Sasa mpigie baba mdogo."

Fundi Barafu akapiga, akaweka sauti ya nje ili wasikie wote.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba. Mnapatana au bado?"

"Tumepatana. Ile habari ya kuahirisha, naomba uwapigie ndugu tena uwaambie harusi ipo palepale."

"Niwapigie ya nini? Sikumwambia mtu."

"Hukumwambia hata mmoja?"

"Mama yako mdogo alishashona nguo! Wewe ungeweza kumwambia? Nikasema ngoja nitulie, hawa watapatana kabla sijaweka salio. Jumamosi tunakuja. Muwahi wenyewe."

Simu ikakatika. Fundi Barafu akabaki ameishika, haya imemjaa.

"Dokta," akasema polepole. "Bado unanitaka?"

"We mwanaume! Ningekuwa sikutaki, ningekubali kusukwa nywele za harusi na mwanamke uliyemnunia mpaka akakimbia?"

Jumamosi wakaoana, na nywele za bibi harusi zilisifiwa na kila mtu.