Kilango Kisichofungwa

Zdravka ni mpishi katika jiko la shule. Akirudi nyumbani jioni, miguu yake imevimba kama unga uliotiwa hamira. Mume wake, Ognyan, anatengeneza mabasi katika karakana ya mji. Naye hurudi ananuka dizeli. Hukaa kwenye ngazi ya mlangoni, huvua viatu, na kwa muda mrefu hasemi neno. Mtoto wao ni mmoja, Bilyana, msichana wa miaka tisa. Yeye ndiye aliyekuwa akisema kwa niaba ya wote watatu.

Walipanga nyumba ndogo pembezoni mwa mji wa Ruse. Nyumba ina ua na mti mmoja wa matufaha. Upande wa kushoto ni ua wa jirani, mzee Kerezov. Katikati pana uzio wa mbao, na katika uzio huo pana kilango. Mitaa yetu ya zamani yote ina vilango vya namna hii. Jirani akiishiwa chumvi hazunguki barabarani, anapita kilangoni. Kilango hakina kufuli. Kukifunga ni kumwambia jirani kwamba humtaki tena.

Siku ya kuingia, mwenye nyumba aliwaambia hivyo hivyo. Jina lake Valchan. Kilango kile alikijenga baba yake pamoja na baba yake Kerezov. "Bustani mpalilie, paa mliangalie, kilango msikiguse," alisema. Mkataba waliutia saini mezani, kati ya sahani ya soseji na chupa ya rakia, pombe yetu kali ya plamu. Hakuna aliyeusoma. Kusoma karatasi mbele ya mtu aliyekukaribisha ni kama kumhesabia vijiko vyake. Zdravka aliusukuma chini ya mushama, kile kitambaa cha plastiki cha mezani, ukakaa huko.

Kerezov alikuwa mjane. Binti yake, anayeishi mbali, alimletea mbwa ili asizungumze na kuta. Mbwa mkubwa, mweusi kama masizi, kifua kama pipa. Jina lake Murdzho. Mzee hakuwa mtu mbaya. Mwezi wa tisa alipita kilangoni na sahani ya plamu, sahani nyeupe yenye mstari wa buluu. Zdravka alikuwa bado hajairudisha. Sahani ya jirani hairudi tupu, na yeye hakuwa amepata nafasi ya kupika cha kuijaza.

Jumamosi moja ya mwezi wa kumi Bilyana alikuwa anaokota matufaha. Upepo ulisukuma kilango. Murdzho akaingia bila kubweka, akamkamata mtoto mguuni, nyuma chini ya goti, akamtikisa. Ognyan alimpiga kwa reki mpaka akaachia.

Kerezov alikuja mbio, mkononi ana mkasi. Alikata manyoya shingoni mwa mbwa, akayachoma, akapaka jivu lake kwenye kidonda, akamimina rakia juu yake. Bibi zetu walifanya hivyo: aliyeuma ndiye anayetibu.

"Kesho ataruka kamba," alisema mzee.

Zdravka alimwonea huruma. Hakutaka kumwaibisha mtu aliyewaletea plamu. Akafunga kidonda kwa kitambaa safi, jivu akaliacha humo humo. Hilo lilikuwa kosa la kwanza.

Jumapili mguu ulikuwa umevimba na umepata moto. Ng'ambo ya barabara anakaa mama mmoja aitwaye Tsonka. Alikuwa karani wa mahakama kwa miaka thelathini, sasa amestaafu, na macho yake hayajastaafu. Alimwona Bilyana dirishani na mguu juu ya mto. Akavuka, akafungua kitambaa, akaona jivu.

"Mmemtibu mtoto au mmechoma nguruwe?" aliuliza.

Alimpeleka Zdravka na mtoto bombani. Aliwaonyesha cha kufanya: maji yanayotiririka na sabuni, robo saa nzima, usisugue kwa nguvu, usihurumie saa. Huko ndiko kulikotakiwa kuanzia, jana ile ile. Jivu, rakia, majani, vyote ni kumfungia mdudu ndani. Halafu hospitali, siku hiyo hiyo. Ognyan alisema mbwa anaonekana mzima, labda wasubiri kidogo. Tsonka akamjibu kwamba kichaa cha mbwa hakipigi hodi. Kikishaonyesha dalili ndani ya mtu, dawa haisaidii tena. Kwa hiyo mtu hasubiri.

Hospitalini daktari aliosha tena, akamchoma mtoto sindano ya pepopunda na ya kwanza ya kichaa cha mbwa, akaandika tarehe za nyingine. Akawapa cheti cha jeraha. Tsonka akamwambia Zdravka akitunze kama cheti cha ndoa. Siku ya pili daktari wa mifugo wa serikali alikuja kwa Kerezov. Mbwa angetazamwa kwa wiki mbili, asitoke uani.

Mguu ulipona. Aliyekuwa hajapona ni Bilyana. Hakutoka nje. Shuleni alikwenda mgongoni mwa baba yake, macho amefumba mpaka wapite geti. Akirudi alikaa jikoni, kiti amekisogeza mbali na dirisha. Mtoto aliyekuwa akisema kwa niaba ya watatu sasa alikuwa anauliza jambo moja tu: "Kilango kimefungwa?"

Ognyan alikifunga kwa waya. Asubuhi yake Kerezov alikuwa amesimama upande wa pili, waya mkononi, macho mekundu.

"Miaka sitini hakijafungwa," alisema. "Mke wangu ametolewa kwa jeneza kupitia hapa, kwa sababu geti langu ni jembamba. Wewe unanifungia kama mwizi?"

Ognyan hakuurudisha waya. Wiki ile ile Murdzho alikata kamba, akapita kilangoni, akalala kwenye ngazi ya mlango wao. Hakuuma mtu. Lakini Bilyana alimwona kupitia kioo, akajikojolea, mtoto wa miaka tisa. Zdravka alipiga deki. Alipomaliza alisema tu, "Tuhame."

Ognyan alimpigia simu Valchan. Alimpigia mara tano, kwa wiki tano. Mara ya kwanza Valchan alisema atakuja kuangalia. Mara ya pili alisema mbwa ni wa Kerezov, si wake. Mara ya tatu, wangojee majira ya kuchipua. Mara ya nne hakupokea. Mara ya tano alisema mkataba ni wa mwaka, na wakiondoka mapema watadaiwa mpaka mwezi wa mwisho. Fedha hizo hawakuwa nazo, na hata wangekuwa nazo, walikuwa wamechoka kuomba.

Basi wakaamua kuondoka kimya kimya. Ufunguo wangeuacha chini ya chungu cha maua. Jumapili mchana Ognyan alikuwa anabeba sanduku la vyombo kwenda kwenye gari la mwenzake, Tsonka akamsimamisha barabarani.

"Mnahama au mnatoroka?"

Ognyan akasema ni kitu kile kile.

"Anayehama anaaga, baba Bilyana. Anayetoroka anatafutwa. Valchan umemwambia?"

"Mara tano. Kwa simu."

"Na kwenye simu ulitia saini wapi?"

Akamrudisha ndani na sanduku lake. Akauliza mkataba uko wapi. Zdravka akainua mushama. Karatasi ilikuwa na duara lililoachwa na joto la chungu cha supu katikati. Tsonka akavaa miwani, akasoma taratibu, akarudia mistari ya nyuma, akaweka kidole kwenye kifungu cha tisa. Akampa Zdravka asome mwenyewe kwa sauti.

Kifungu kilisema mwenye nyumba atahakikisha nyumba na ua vinakalika kwa usalama. Mpangaji akimwandikia kuhusu hitilafu, na isitengenezwe katika siku kumi na nne, mpangaji anaweza kuvunja mkataba kwa notisi ya mwezi mmoja. Hatalipa miezi iliyobaki.

Ognyan akacheka, kicheko kikavu.

"Wiki tano tumekula supu juu yake."

Tsonka hakucheka. Aliwaeleza kwamba mikataba haifanani, na mwingine usingekuwa na kifungu kama hiki. Ndiyo maana mtu husoma wa kwake kabla ya kutia saini, hata soseji zikipoa. Na kama huelewi, ofisi ya msaada wa sheria ipo. Kuuliza si aibu.

Waliandika barua mezani hapo hapo. Tsonka alitaka maneno machache: mtoto aliumwa tarehe fulani, mbwa aliingia kupitia kilango kilicho wazi, akaingia tena tarehe fulani. Matusi hapana, machozi hapana. Waliambatisha nakala ya cheti cha daktari na picha ya kilango. Waliomba kizibwe katika siku kumi na nne, kama sivyo wanatoa notisi ya mwezi. Nakala moja wakabaki nayo. Jumatatu Zdravka aliipeleka posta kwa rejista, ile ambayo anayepokea hutia saini na karatasi ya saini hurudi kwako. Siku zilianza kuhesabiwa pale Valchan alipotia saini, si siku moja kabla.

Valchan alikuja siku ya kumi na mbili, amenuna. Alisimama mbele ya kilango muda mrefu. Aligusa bawaba zilizopigwa na baba yake. Akaenda kuongea na Kerezov, akarudi.

"Siwezi kukiziba," alisema. "Nikikiziba mzee atakufa."

"Na mimi siwezi kukaa nacho," alisema Zdravka. Hakupandisha sauti. Hakuwa nayo ya kupandisha.

Valchan akakaa kwenye ngazi, akaomba maji. Mwisho alikubali waondoke mwezi ukiisha. Tsonka hakuwaacha wapeane mikono tu. Makubaliano yaliandikwa nakala mbili. Siku ya mwisho walipita chumba kwa chumba, wakaandika kioo kipi kina ufa tangu zamani na mita ya umeme inasomaje. Amana waliyoweka siku ya kuingia ilirudi, ufunguo ukatolewa mkono kwa mkono. Chungu cha maua kilibaki na maua yake.

Asubuhi hiyo ya mwisho ilisikika nyundo. Kerezov alikuwa anapigilia mbao kwenye kilango, upande wake, peke yake. Murdzho alikuwa amefungwa mnyororo mpya mbali kule, mdomoni amevishwa kifungo cha ngozi cha kumzuia asiume, kilichoagizwa na daktari wa mifugo. Hakuna aliyekuwa amemwomba mzee azibe. Alipigilia misumari taratibu, kila baada ya msumari akipumzika.

Zdravka alikuwa ameamka mapema kuoka mkate wa malenge. Aliukata, akaupanga kwenye sahani nyeupe yenye mstari wa buluu. Alitaka kuipeleka mwenyewe, ila mikono yake ilikuwa na sanduku. Sahani aliiacha mezani, akamwita mume wake aipeleke.

Bilyana ndiye aliyeichukua.

"Kilango kimefungwa?" aliuliza.

"Sikiliza nyundo," alisema mama yake.

Akasikiliza. Kisha akatoka kwa miguu yake, polepole, akafungua geti la barabarani, akazunguka. Ognyan alimfuata hatua kumi nyuma, hakumshika. Kerezov alikuja getini kwake na nyundo bado mkononi. Alipokea sahani. Aliingia ndani, akahamisha vipande vya mkate, akarudi nayo imejaa plamu zilizokaushwa kwa jua, ambazo mke wake alikuwa akizihifadhi kwenye mtungi.

"Hii sahani," alisema, "sasa utairudisha kwa njia ndefu."

Siku hizi wanakaa ghorofa ya tatu, ng'ambo ya mji. Mkataba mpya umo kwenye droo, Zdravka ameusoma mara mbili, na mistari mitatu ameipigia kalamu. Miguu yake bado inavimba. Bilyana hushuka ngazi peke yake kwenda shule. Sahani yenye mstari wa buluu iko juu ya kabati. Bilyana anasema Jumapili atairudisha, akipata cha kuijaza.