Mama Nyuzi Apanda Mlimani

Mama Nyuzi alikuwa fundi wa kudarizi. Kutwa alikaa dirishani, sindano mkononi, akishona maua ya rangi kwenye vitambaa vya meza. Kazi yake ilikuwa safi. Lakini siku moja mteja alikunjua kitambaa kipya, akakitazama, akakikunja tena.

"Mama, maua yako ni yale yale," alisema. "Huna mengine?"

Maneno hayo yalimchoma. Alilala nayo, akaamka nayo. Asubuhi alimwambia dada wa mumewe, aliyekaa nao nyumba moja:

"Wifi, nasikia maua yamechanua mlimani. Twende nikayaone kwa macho yangu."

"Na hayo magoti yako yanayouma?"

"Magoti ni yangu. Twende."

Walitoka mchana, kandambili miguuni. Walipoyaona maua, waliiacha njia. Wakaingia katikati, wakachuma tele. Mama Nyuzi akapiga picha kwa simu, harakaharaka. Mara ukungu ukashuka. Baridi ikawapenya mpaka mifupani. Wifi akateleza, akakaa chini bila kupenda.

Walipofika nyumbani, maua yalikuwa yamenyauka. Na picha? Moja ilikuwa ya ukungu mtupu. Nyingine ilikuwa ya kidole gumba.

"Ua hili lina kucha!" mumewe alicheka. Kisha akasema kwa upole, "Basi, mke wangu, achana na mlima."

"Siachi. Nitakwenda tena, ila sasa nitauliza kwanza."

Jioni alikwenda kwa jirani yao, dada aliyefanya kazi ya kuongoza wageni mlimani. Akamweleza yote bila kuficha.

"Poleni," alisema jirani. "Iko njia fupi isiyo na mwinuko mkali. Mtu wa magoti anaiweza, akipumzika. Nendeni asubuhi, kabla ya ukungu. Vaeni viatu vya kufunika miguu. Bebeni sweta na maji. Na waambieni wa nyumbani mnapita wapi."

"Nisichume hata moja?"

"Hata moja. Ua likichumwa halitoi mbegu. Na kwenye baridi ile mimea hukua polepole mno. Mkikanyaga mahali leo, mwakani huenda pakawa patupu. Msitoke njiani. Maua ya kando yanatosha."

"Basi nifundishe kupiga picha."

Jirani aliifuta kamera ya simu kwa kitambaa laini. Akamwonyesha kwenye kopo la maua lililokuwa mlangoni.

"Usilisimamie kama polisi. Chuchumaa, simu iwe sawa na ua. Gusa ua kwenye kioo, lionekane vizuri. Upepo ukivuma, ngoja utulie. Halafu piga, mkono usitikisike."

Siku ya mapumziko walitoka alfajiri. Walikwenda taratibu, wakipumzika kila Mama Nyuzi alipochoka. Wifi aliona ua jekundu mbali na njia, akanyanyua mguu. Mama Nyuzi akamvuta sweta.

"Rudi njiani, wewe!"

Kando ya njia aliona ua dogo jeupe. Petali zake zilikuwa kavu kama karatasi, katikati ni njano. Alichuchumaa. Magoti yakalalamika, akayanyamazisha kwa kukaza meno. Upepo ukavuma. Akangoja.

"Wifi, hata wewe usipumue huku, unalitikisa!"

Upepo ulipotulia, akapiga. Picha ikatoka safi. Hata tone la umande lilionekana.

Nyumbani aliiweka simu mbele yake, akaanza kushona. Petali ya kwanza ilikataa. Akaifumua, akaanza upya. Akaifumua tena. Hakukata tamaa mpaka ua likakaa kitambaani kama lilivyokaa mlimani. Wateja walianza kuja wakiuliza, "Leo umeshona ua gani?"

Kitambaa cha kwanza alikitandika mezani kwao. Mumewe alikuja na kikombe cha chai, akataka kukiweka. Akasita. Akasogea upande wa pili, akasita tena.

"Huku nako kuna ua," alisema.

Akanywa chai yake amesimama, kikombe mkononi, mpaka ikaisha.