Maji ya Maua na Chupa ya Dhahabu

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza: ndivyo wasemavyo wahenga. Basi wahenga hao hawakukaa nasi kwenye soko la Ijumaa, hapa Nabeul, Tunisia. Chema chetu kilijitembeza tangu asubuhi hadi adhuhuri, na hakuna aliyekiita.

Naitwa Yosra, nina miaka kumi na mitatu. Kila Aprili nikitoka shule kazi yangu ni kuchambua maua ya mdanzi, mti wa machungwa machungu, yaliyotandazwa uani juu ya shuka jeupe. Bibi Beya, mama yake baba, huyatia maua katika chungu chake cha shaba na kuyakeneka juu ya moto mdogo, mvuke ukipoa na kudondoka tone baada ya tone. Maji hayo hutiwa kwenye kahawa, kwenye keki, na kichwani mwa mtu aliyechomwa na jua.

Mwaka huu kulikuwa na sharti. Mzee aliyekuwa akituuzia maji yetu sokoni alihamia kwa mwanawe Sfax, na rafu ya jikoni ikajaa fashka, zile chupa nene zilizovikwa koti la nyasi. Bibi alisema magoti yake yamechoka kukalia moto kwa ajili ya maji yasiyo na mnunuzi. Rafu isipokuwa tupu kufikia Ijumaa ya tatu ya Aprili, chungu kingekwenda kwa jirani yetu Saluha. Nami ndimi niliyeahidiwa kufundishwa kazi ya moto mwaka huu.

Ndipo shangazi Rafika alipokuja likizo kutoka Tunis, ambako anafanya kazi ya masoko katika kampuni ya matangazo. Alileta chupa mpya, nyembamba na ndefu, zenye lebo ya dhahabu na kifuniko kilichofungwa kabisa. Tulihamishia humo maji yote. Bibi alifungua mdomo kusema jambo kuhusu fashka, lakini shangazi akamkatiza kwa upole. "Mama, wewe unajua moto. Kuuza niachie mimi, ndiyo fani yangu."

Bibi akafunga mdomo, akarudi kwenye maua yake.

Ijumaa ya kwanza meza yetu iling'aa kuliko zote. Wanawake walisimama, wakainua chupa, wakaigeuza, wakairudisha. Mmoja aliuliza ni ya kiwanda gani. Shangazi akatabasamu, akamshukuru, na mimi nikajivuna. Tuliuza chupa mbili, zote kwa watalii.

Sikuelewa. Kwenye meza ya pembeni, mzee mwenye chupa kuukuu za soda alimaliza maji yake kabla ya swala. Shangazi alisema tatizo ni bei. Ijumaa ya pili akaipunguza, na hata wale waliokuwa wakisimama wakapita moja kwa moja. Mwanamke mmoja alimnong'oneza mwenzake, nikasikia: "Bei ikishuka, ujue maji yameongezwa." Yaani bei ya juu ni kosa, ya chini ni kosa. Usiku huo nilihisi kama mtu aliyepewa hesabu isiyo na jibu. Nilipomuuliza Bibi, aliniambia nichambue maua.

Jumatatu Mama Zohra, mwoka keki wa mtaa wetu, alibisha mlangoni akiwa na fashka tupu mkononi. Alitaka Bibi amjazie. Nilishangaa, maana Ijumaa alipita mbele ya meza yetu bila hata kugeuza shingo. Nikamuuliza kwa nini hakununua kule.

"Kule shangazi yako si anauza maji ya kiwandani?" alijibu. "Keki zangu zinaliwa harusini, mwanangu. Siwezi kutia kitu ambacho sijakinusa."

Nilimweleza kwamba yalikuwa maji haya haya, ya chungu hiki hiki. Aliniangalia kwa huruma, kama vile namtetea ndugu mwongo.

Niliogopa kumwambia shangazi. Nilidhani atakasirika, au ataniambia Mama Zohra ni mshamba. Badala yake aliketi kwenye kizingiti cha jiko, akaniambia nirudie maneno yale jinsi yalivyosemwa, nisiyapambe. Nilirudia.

"Yule mama aliyeuliza kiwanda," alisema. "Alinionyesha kosa langu usoni, Yosra, nami nikamwambia ahsante."

Alasiri nzima alizunguka mtaani, nami nyuma yake. Hakuuza kitu. Aliuliza tu: mnanunua kwa nani, mnajuaje kwamba ni safi, mnaweka wapi. Majibu yalikuwa karibu yale yale. Wananusa kwanza. Wanataka kuona yakimiminwa. Na fashka wanazo nyumbani.

Tukarudisha maji kwenye fashka za Bibi, isipokuwa chupa kumi na mbili za dhahabu ambazo shangazi alizifungia sandukuni. Hapo nilichanganyikiwa tena. Kama chupa hizo ndizo zilizotuponza, za nini? Aliniambia nisubiri.

Ijumaa ya tatu hatukupamba meza. Shangazi aliweka jiko dogo, akachemsha kahawa, na mimi nikawa natia tone moja la maji ya maua katika kila kikombe. Harufu ilitutangulia hadi kwa wauza viungo. Mama Zohra alikuja wa kwanza, akanusa, akanywa, akaniangalia tena, safari hii kama mtu aliyeniamini. Waliokuja na fashka zao tuliwamiminia, na kabla ya swala zetu zote zilikuwa tupu.

Jioni shangazi alitoa zile chupa kumi na mbili. Wenzake wa ofisini walikuwa wameziagiza kwa simu. "Wao hawana fashka, wala bibi wa kuwajazia," alisema. "Wanataka chupa inayoingia kwenye mkoba. Safari hii nimewauliza kwanza. Nina miaka kumi katika kazi hii na kila mwaka nakosea, Yosra. Kukosea hakujanifukuzisha kazi. Kinachomfukuzisha mtu ni kuipenda chupa yake kuliko anayenunua."

Bibi alikuwa amesimama mlangoni akiitazama rafu tupu. Aliniambia niamke mapema kesho, maua ya mwisho yako kwenye shuka na moto utakuwa wangu kuutunza. Furaha ilinipanda, kisha swali likaipita.

"Bibi, ulijua tangu mwanzo kwamba zile chupa haziuziki hapa?"

"Nilijua."

"Na tungepoteza chungu. Hata pole hutuambii? Si ungetuomba radhi japo kidogo?"

Bibi alijifunga kitambaa kiunoni, akachukua ufagio.

"Nilifungua mdomo, nikaambiwa nishughulikie moto. Nikaushughulikia. Siombi radhi."