Kitambaa Kilichoficha Mshale

Kila Jumamosi asubuhi, kabla hajapokea mteja, Mama Pacha huitia mafuta cherehani yake. Tone hapa, tone pale. Huzungusha gurudumu kwa mkono, husikiliza, kisha hufuta. Cherehani hiyo alipewa na mama yake mzazi, na ina umri mkubwa kuliko ndoa yake. Haijamwangusha hata siku moja.

Gari la familia lilikuwa halijui raha hiyo. Lilikuwa gari dogo, jeupe, la mtumba, na maskani yake yalikuwa nje ya kibanda cha kinyozi. Kinyozi mwenyewe ndiye mumewe, Baba Pacha. Gari lilitiwa petroli, likaoshwa, likaendeshwa. Basi. Lakini kwa urembo, mtaani hapo halikuwa na mpinzani. Mama Pacha alivishonea viti vyake nguo. Juu ya dashibodi akatandika kitambaa chekundu cha mahameli, chenye rinda jeupe lililoning'inia kwa mbele. Majirani wakalipa jina: Bi Harusi. Mama Pacha alijifanya kununa, lakini moyoni alijisikia raha tele.

Rinda lile lilishuka mpaka mbele ya usukani, kwenye zile saa zinazomwonyesha dereva mambo ya gari. Mwendo ulionekana. Petroli ilionekana. Kilichofunikwa kilikuwa kona moja tu, ya kushoto. Na nani ana shida na kona?

Nyumbani walikuwa watano: Mama Pacha, mumewe, mabinti zao mapacha wa miaka sita, na Bibi, mama mzazi wa Mama Pacha. Bibi ndiye aliyemfundisha bintiye kushona. Sasa macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Aliona ukungu tu. Wajukuu zake aliwatofautisha kwa kuwapapasa kidevu, maana mmoja ana kovu na mwenzake hana. Yule asiye na kovu alikuwa mtundu, na kila kikombe kilipovunjika alimsukuma mwenye kovu mbele.

"Nataka niwaone hawa wezi wangu wawili," Bibi alikuwa akisema. "Nijue ni nani anayenidanganya."

Siku ya kufanyiwa upasuaji ikafika. Ilikuwa Jumanne. Hospitali ya macho iko mbali, juu mlimani, na basi humwacha mtu chini kabisa. Magoti ya Bibi yasingeuweza mlima ule. Kwa hiyo safari ilimtegemea Bi Harusi. Waliwaacha mapacha kwa jirani, wakaondoka mapema, Bibi amekaa mbele na kanga yake mpya.

Hata mlima hawakuufikia. Kwenye kilima cha kwanza nje ya mji, moshi mweupe ulianza kutoka kwenye boneti. Baba Pacha aliegesha pembeni, akazima injini, akafungua boneti. Akachukua tambara, akakishika kifuniko cha rejeta, tangi la maji ya kupoza injini, ili akifungue atie maji.

"Shemeji, toa mkono hapo."

Alikuwa jirani yao mwingine, anayeitwa Spana. Ni mwanamke mfupi, fundi wa karakana ya malori ya taka, na alikuwa anakwenda kazini kwa pikipiki yake.

"Nataka kutia maji tu," alisema Baba Pacha.

"Utajitia mwenyewe. Maji ya humo ndani yamebanwa, na yana moto kuliko chai inayochemka. Ukifungua sasa hivi, yote yanakurukia usoni. Nimewaona watu waliobabuka. Kaa pembeni tungoje ipoe."

Wakangoja. Spana akaingia kwenye gari, akazungusha ufunguo bila kuwasha injini.

"Mshale wa joto unasemaje?" aliuliza.

"Mshale upi?"

Spana alilinyanyua rinda kwa kidole kimoja. Kumbe pale konani palikuwa na mshale mdogo, na ulikuwa umepanda hadi kwenye mstari mwekundu. Pembeni yake taa nyekundu ilikuwa inawaka.

"Haya," alisema Spana. "Gari liliwaambia. Nyinyi mmelifunika mdomo."

Baba Pacha akajikuna kisogo.

"Niliona kitu kinawaka chini ya rinda," alisema taratibu. "Wiki ya pili sasa. Nikaogopa kulifunua. Ningelichafua, ningelala kibarazani."

Siku nyingine Mama Pacha angecheka. Siku hiyo aliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Kitambaa alichokishona kwa mikono yake, tena kwa mapenzi, ndicho kilichomzuia mama yake kufika hospitali.

Injini ilichukua saa nzima na zaidi kupoa. Spana akatia maji, wakarudi nyumbani polepole. Walipopiga simu hospitali, muuguzi akawaeleza hali ilivyo. Daktari wa upasuaji atarudi baada ya wiki tatu. Baada ya hapo haji tena mpaka nusu mwaka ipite.

"Haidhuru, mwanangu," alisema Bibi, akikunja kanga yake. "Ukungu huu nimeshauzoea."

Afadhali angegomba. Maneno yale yalimchoma Mama Pacha kuliko matusi.

"Tuliuze," Baba Pacha alisema jioni ile. "Mimi kazi yangu ni vichwa vya watu. Vya magari sivijui."

"Nani atamwoa Bi Harusi mgonjwa?" Mama Pacha alimjibu. Akajifunga kanga, akaenda kubisha kwa Spana.

"Dada, nifundishe," alisema. "Wiki tatu zinatosha?"

Spana alimtazama. "Cherehani yako unaitia mafuta lini?"

"Kila Jumamosi."

"Hata kama haijalia?"

"Ikilia nimeshachelewa."

"Basi umeshajua nusu ya kazi. Ijumaa jioni tandika boksi chini ya gari, pale mbele. Jumamosi asubuhi usiwashe injini. Nakuja."

Jumamosi boksi lilikuwa na madoa. Mapacha walipiga magoti wakayahesabu: manne, yote ya rangi ya kutu.

"Doa jeusi la utelezi lingekuwa oili," Spana alieleza. "Haya ni maji ya rejeta. Sasa tuyafuate yalikotoka."

Injini ilikuwa baridi kabisa. Mama Pacha aliweka mkono, akapandisha kidole kutoka kwenye doa hadi kwenye mpira mnene unaoingia kwenye rejeta. Hapo palikuwa na unyevu. Klipu iliyoubana mpira ilikuwa imelegea.

"Hii tu?" aliuliza. Alikuwa ametarajia ugonjwa mkubwa, na sasa alitaka kulia kwa hasira. "Klipu moja imetukosesha hospitali?"

"Klipu moja, na wiki nyingi bila mtu kuchungulia. Chukua bisbisi. Kaza, lakini usikaze kwa hasira, utaukata mpira."

"Kama uzi wa cherehani," alisema Mama Pacha. "Ukilegea unafanya vifundo, ukizidi unakatika."

"Ewaa."

Spana akamwonyesha jinsi ya kumwaga yale maji ya kutu kwenye ndoo na kujaza kulanti, yale maji ya rangi yanayopoza injini na kuzuia kutu. Walichanganya kama maelezo ya kwenye chupa yalivyosema. Mapacha wakasogea kuchungulia ile rangi nzuri ya kijani.

"Nyinyi, nyuma," alisema Spana. "Hii ina utamu, lakini ni sumu. Chupa ikae juu, na iliyomwagika ifutwe. Hata paka asilambe."

Kisha ikaja zamu ya oili. Mama Pacha alichomoa kijiti cha kupimia, akakifuta, akakirudisha hadi mwisho, akakichomoa tena. Oili haikufika hata kwenye alama ya chini. Wakaongeza kidogo kidogo, wakipima kila mara. "Oili ikizidi nayo ni balaa," Spana alionya. Baba Pacha, aliyekuwa anajifanya ana wateja, akajitokeza na kupewa kazi ya matairi. Alionyeshwa kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva, palipoandikwa kiasi cha upepo.

"Upime tairi zikiwa baridi. Na tairi ya akiba je?"

"Tairi ya akiba ipo," alisema Baba Pacha kwa fahari.

Ilikuwepo kweli. Ila ilikuwa laini kama chapati. Mapacha walicheka mpaka wakakaa chini.

"Na breki?" Mama Pacha aliuliza. Mikono yake ilikuwa imeshapata tamaa ya kazi.

"Hapana. Breki mwachie fundi wa magari madogo, pamoja na kila kazi inayomtaka mtu aingie chini ya gari. Gari lililoshikwa na jeki peke yake usiingie chini yake, hata ukiangusha dhahabu."

Kilichobaki ni kitambaa. Mama Pacha alikitandika juu ya meza, akakitazama kwa muda. Spana alikuwa amemwambia ukweli: mbele ya dereva pasining'inie kitu, na kwenye magari yenye mifuko ya hewa ya kuwakinga watu ajalini, dashibodi isifunikwe kabisa. Bi Harusi ni la zamani, halina mifuko hiyo. Mama Pacha akachukua mkasi na kulikata rinda lote. Iliuma kama kumnyoa mtoto. Pale kwenye kona ya kushoto alikata zaidi, ili mshale na taa vikae wazi, akapinda ukingo. Uzi mwekundu ulimwishia kabla hajamaliza, akaunga na mwingine kwa haraka. Mshono ukaenda kombo kidogo. Akajisemea, nani ataona? Kwa mabaki ya rinda akamshonea Bibi mto mdogo wa kuegemeza shingo safarini.

Jumamosi mbili zilizofuata, cherehani ilitiwa mafuta kwanza, kisha boneti ikafunguliwa. Boksi lilibaki kavu. Baba Pacha alibadilisha mipira ya waipa mwenyewe, akawaita wateja wake watatu waje waone. Mmoja alitoka amenyolewa upande mmoja tu.

Jumanne ya safari ikafika. Maji yalipimwa, oili ikapimwa, tairi zikapimwa. Baba Pacha alikuwa ameshampeleka Bi Harusi kwa fundi kukaguliwa breki. Waliondoka kabla ya wenye maduka kufungua. Bibi alikaa mbele na mto wake. Mama Pacha alikaa nyuma, shingo ameinyoosha katikati ya viti kama bata, macho kwenye mshale.

Kilima cha kwanza kikapita. Mlima ukaanza. Mshale ulikuwa katikati. Kwenye kona ya tatu ukapanda kidogo, na moyo wa Mama Pacha ukapanda nao.

"Baba Pacha, unaona?"

"Naona. Subiri. Spana alisema feni itaanza."

Feni ikanguruma mbele. Mshale ukateremka, ukatulia katikati. Mama Pacha akashusha pumzi, na mumewe akaanza kupiga mluzi. Walifika hospitali kabla ya mlinzi kufungua geti la pili.

Bibi alifanyiwa upasuaji wa jicho la kulia. Walilala huko. Asubuhi muuguzi alimfungua bandeji, akampa dawa ya matone, akamkataza kuinama na kusugua jicho. Bibi alishukuru kwa sauti ndogo. Alitembea hadi kwenye gari bila kusema neno, ameshika mkono wa bintiye. Mama Pacha akaanza kuogopa. Au haoni?

Bibi akakaa mbele, akafungiwa mkanda. Akageuza uso taratibu. Aliangalia kioo, akaangalia usukani, akaangalia mikono ya mkwewe. Kisha akatulia, anatazama kona ya kushoto ya dashibodi.

"Nani kashona hapa?" aliuliza.

"Mimi, mama."

"Mshono umekwenda kombo. Na uzi umeunga rangi nyingine. Nilikufundisha hivyo?"

Baba Pacha aliacha ufunguo ukining'inia. Mama Pacha akaweka paji la uso begani kwa mama yake, akacheka huku machozi yanamtoka.

"Hapana, mama. Hukunifundisha hivyo."

"Fumua," alisema Bibi. "Twende nyumbani. Nina watu wawili wa kuwahoji kuhusu vikombe vyangu."

Mshono ule haukufumuliwa siku hiyo. Mama Pacha aliuacha makusudi mpaka Bibi alipopewa miwani ya kuonea karibu. Jumamosi hiyo, cherehani ikiwa imeshatiwa mafuta na boneti imeshafungwa, waliketi mlangoni na kile kitambaa. Mama Pacha alifumua. Bibi alichukua sindano, akalamba uzi mwekundu, akakosea mara mbili. Mara ya tatu uzi ukapita.