Timazi Nyepesi

Asubuhi katika nyumba ya Kleobula ilianza kwa sauti ya timazi. Mtu wa kwanza kugusa kitanda cha mfumi, kile cha kufumia nguo, kule ghorofani alizitikisa zile timazi za udongo, zikagongana kama meno ya mtu mwenye baridi. Hapo Filina, aliyekuwa bado kalala chini, alijua kwamba uji wake wa shayiri umepoa na kwamba amechelewa tena.

Kitanda chenyewe kiliegemezwa ukutani, kirefu kumpita mtu. Nyuzi za mtande ziliteremka kutoka juu, na kila fungu la nyuzi lilifungiwa timazi moja chini ili likae wima. Timazi zote zilikuwa na uzito sawa. Baadhi zilikuwa na alama. Ile yenye duara ndogo ilipigwa muhuri wa hereni ya Timareta, bibi yake Filina, zamani alipokuwa mwali. Ile yenye mistari, Kleobula, mama yake Filina, aliichora kwa pini ya nywele. Ndivyo walivyofanya wanawake wa Athene: ukifinyanga timazi, unaacha alama yako udongo ungali mbichi.

Msimu ule walikuwa wakifuma shela ya harusi ya Nikareti, dada yake Filina, kwa sufu iliyotiwa rangi ya zafarani. Harusi ilikuwa imepangwa siku ya mwezi mpevu, na mwezi haumsubiri bibi harusi. Mama na Nikareti walifuma, wakienda na kurudi mbele ya kitanda kupitisha mshindio, ule uzi wa kukingama. Bibi alisokota. Sira, mtumwa aliyeletwa kutoka Shamu akiwa mdogo, alichambua sufu na kufunga timazi. Filina, mwenye miaka kumi na miwili, alikuwa wa kutumwa: lete maji, shika uzi, fukuza paka.

Siku moja wenzake walishuka uani kuanika sufu, akabaki peke yake na mfuko wa lozi za harusi. Lozi zilikuwa na maganda magumu. Jiwe halikuwapo karibu, ila timazi ilikuwapo. Akaifungua moja ya pembeni, isiyo na alama. Lozi ya kwanza ilipasuka, na ya pili ikapasuka. Ya tatu ilikuwa kaidi, ikapasuka timazi.

Filina alivisukuma vipande chini kabisa ya kikapu cha sufu. Kisha akatafuta kwenye timazi za zamani, zile ndogo za kufumia vitambaa vyepesi, akachukua moja na kuifunga mahali pa ile iliyovunjika. Akaipaka vumbi kidogo. Ukiitazama kwa mbali usingeitambua.

Macho hayakuitambua kweli, lakini nyuzi ziliitambua. Siku zilipita, kitambaa kikaendelea kuteremka, hadi asubuhi moja Mama akaacha kufuma.

"Nikareti, hebu sogea mwanga uingie."

Upande mmoja wa shela ulikuwa umejikunja na kufura kama utando wa maziwa yaliyochemka. Mama alipapasa nyuzi moja moja mpaka chini, akaikuta timazi ndogo.

"Nani amefunga hii?"

Wote wakamgeukia Sira.

"Si mimi, mama," alisema Sira. "Mimi nilifunga zile kubwa."

"Basi panya wa nyumba hii wamejifunza kufunga mafundo," alisema Nikareti, na sauti yake ilikuwa karibu na kilio. "Shela yangu imekuwa tambara."

"Kazi ya kufunga ni ya nani, Sira? Si yako?" Mama alimkazia macho. "Uvivu nitauvumilia, uongo sitauvumilia. Baba yao akirudi kutoka mkutanoni atakupeleka kwenye kinu. Huko utajua maana ya uzito."

Kinu hicho kila mtu alikijua. Watumwa walizungusha jiwe la kusagia tangu alfajiri, na waliorudi kutoka huko walirudi wamepinda migongo. Sira hakulia. Alijifuta mikono, akashuka kwenda kufunga kikapu chake. Mama na Nikareti wakashuka nyuma yake.

Filina akabaki na Bibi. Pale nyumbani walikuwa na utani kwamba Bibi Timareta angeweza kumuuliza punda maswali mpaka punda akakiri. Hakuwa mtu wa kugomba, kazi yake ilikuwa kuuliza tu.

"Njoo, mjukuu wangu, unisaidie kufumua. Macho yangu yamezeeka, yanataka kuzikwa kabla yangu. Shika timazi hii. Na hii mkono wa pili. Ipi nzito?"

"Hii kubwa, Bibi."

"Na ule uzito uliopungua huku, umekwenda wapi?"

"Haujakwenda popote. Haupo tu."

"Haupo? Hebu gusa nyuzi za jirani."

Filina aligusa. Nyuzi za timazi nyepesi zililegea, lakini zile za pembeni yake zilikuwa zimevutwa, zimekaza kama nyuzi za kinubi. Moja ilikuwa karibu kukatika.

"Zimebeba mzigo usio wao," alisema polepole.

"Zilikosa nini?"

"Hazikukosa kitu, Bibi. Ziko karibu tu."

Bibi aliendelea kufumua. Kisha akauliza, bila kuinua kichwa, "Na leo, katika nyumba hii, uzi gani unakaribia kukatika?"

Filina alitazama ngazi aliyoshukia Sira. Uani mlango mkubwa ulilia kwenye bawaba zake. Baba alikuwa amerudi. Filina akaziacha timazi sakafuni, akashuka ngazi mbio.

Baba alikuwa bado hajavua viatu, na Mama alikuwa kishaanza kueleza. Sira alisimama karibu na madhabahu ya uani, kikapu miguuni.

"Ni mimi," alisema Filina, akihema. "Nilivunja timazi nikipasua lozi. Nikafunga nyingine. Vipande viko chini ya sufu. Sira hajui lolote."

Baba alimgeukia. "Hakuna aliyekuona. Kwa nini unasema?"

"Kwa sababu mimi nilijiona," alisema Filina, akaanza kulia.

Mama alikaa kwenye benchi, akasema, "Sira, nilihukumu kabla ya kuuliza. Rudisha kikapu chako ndani."

Sira alikiinua. Alipompita Filina alisema kwa sauti ya chini, "Nilikuwa nimeshalifunga fundo la mwisho la kikapu, binti. Ulikawia."

Maneno hayo Filina aliyabeba muda mrefu kuliko adhabu yake. Adhabu ilikuwa hii: alifumua sehemu yote iliyoharibika, akasokota uzi mpya, na alikosa sikukuu ya mtaa wakati wenzake wakiimba nje ya dirisha. Alichambua sufu na Sira bega kwa bega tangu kunapokucha, vidole vikaota malengelenge, hata shela ikamalizika kabla ya mwezi kujaa. Nikareti aliivaa, na upande ule ulinyooka kama mwingine.

Baada ya harusi Bibi alimletea donge la udongo. Filina alifinyanga timazi, akaipima na nyingine kwenye mizani, akaongeza kidogo, akapunguza kidogo, mpaka mizani ikatulia.

"Alama yangu itakuwa nini, Bibi? Sina hereni."

"Una kidole gumba. Bonyeza."

Akabonyeza, na mistari ya kidole chake ikabaki kwenye udongo.

"Sasa sikiliza, maana leo siulizi," alisema Bibi. "Kuvunja si aibu kubwa, udongo huvunjika. Lakini ukificha kosa lako, uzito wake haupotei. Humwangukia aliye karibu, na mara nyingi ni yule asiye na wa kumtetea. Kila mtu abebe timazi yake, mjukuu wangu. Hapo kitambaa hunyooka."

Timazi ilipotoka tanuruni, Filina alimpa Sira aifunge. Sira aliipima mkononi, akatazama ile alama ya kidole, kisha akaifunga pembeni, mahali pa ile iliyovunjika.

"Hii ni nzito sawasawa," alisema.