Kapteni Kabiru Hakurudisha Usukani

Jumanne ile Selpha Musimbi, binti wa jirani yetu pale Kapsoya, aliamka vizuri tu. Alikunywa chai kwa viazi vitamu, akamtania mama yake kwamba kilemba chake kipya cha kanisani kinamfanya aonekane kama askofu, kisha akaenda kazini. Kazi yake ilikuwa kufundisha watu kurusha ndege. Cheti cha ualimu alikuwa amekipata miezi michache tu nyuma, na Mama Selpha alikuwa bado anawatangazia watu sokoni, waliouliza na wasiouliza.

Katika ndege ya mafunzo mwanafunzi hukaa kushoto na mwalimu kulia, kila mmoja na usukani wake. Ukisogeza huu, ule nao unasogea. Ndiyo maana kuna sheria inayofundishwa kabla ya nyingine zote. Anayechukua ndege husema, "Control ni yangu." Anayeiachilia hujibu, "Control ni yako," kisha anaweka mikono magotini. Bila maneno hayo hakuna anayegusa wala anayeachilia. Marubani wawili wakivutana angani, au kila mmoja akidhani mwenzake ndiye ameshika, kinachofuata ni matanga.

Aliyemtia Selpha sheria hiyo kichwani ni Kapteni Kabiru, mzee mmoja mkali aliyependwa kwa kuchelewa. Ulianza kumpenda ukishafaulu. Mwaka uliopita Kabiru alikuwa juu ya mashamba ya Moiben na mwanafunzi aitwaye Gideon. Mzee akasema control ni yake. Gideon akajibu ipasavyo na kuweka mikono magotini. Mara mzee akainamisha kichwa, na Gideon akadhani anasoma mishale ya mitambo. Ndege ikaanza kushuka polepole, bila fujo. Gideon, mwanafunzi mtiifu, akakaa vile vile akingoja kurudishiwa, mpaka mahindi yakaanza kuchapa magurudumu. Alitolewa na miguu iliyovunjika. Madaktari walisema moyo wa Kabiru ulikuwa umesimama hata kabla ndege haijagusa shamba.

Mzee alizikwa, watu wakalia, shule ikatafuta ndege nyingine. Lakini tangu hapo marubani wakawa wanaizunguka Moiben. Ukiwauliza, walisema ni upepo. Selpha aliwacheka. Yeye ni mtu wa kanisa, na juu ya Moiben kuna nafasi nzuri ya kufundishia, mashamba mapana ambayo ndege ikipata shida unaweza kuitua. Kwa hiyo Jumanne hiyo alimpeleka huko mwanafunzi wake Kipyego, kijana wa Moi's Bridge aliyekuwa karibu kuruka peke yake.

Mbingu ilikuwa safi. Kipyego akakata kona kushoto, akakata kulia, na Selpha akamsifu. Alikuwa anafikiria chakula cha mchana. Ndipo sauti ikaja masikioni mwao, tulivu, ya karibu, bila mikwaruzo ya redio.

"Control ni yangu."

"Control ni yako, sir," Kipyego akajibu, akaachilia usukani.

Selpha akaitazama mikono ya kijana. Ilikuwa magotini. Akaitazama yake. Nayo ilikuwa magotini. Mbele yao sukani zote mbili ziligeuka kushoto, taratibu, kwa ustadi wa mtu mzoefu.

Kipyego alimgeukia mwalimu wake.

"Madam," akanong'ona, "huyo sir ni nani?"

 Selpha aliukamata usukani, akasema kwa sauti kwamba control ni yake. Usukani haukutikisika. Akavuta kwa mikono miwili. Wapi. Akakanyaga pedeli, na pedeli ikamsukuma nyuma, kama kuna mguu mwingine juu yake. Akaita mnara wa uwanjani kwa redio. Mnara haukujibu. Alichosikia ni pumzi, ya mtu mmoja, ikiingia na kutoka.

Ndege ikainamisha pua.

Kipyego akaanza kusali kwa Kikalenjin, mikono bado magotini. Mabati ya nyumba yakaonekana. Ng'ombe wakaonekana. Mistari ya mahindi ikaonekana, mmoja mmoja. Selpha aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani, na hofu yenyewe haikuwa ya kufa kwake. Kijana huyu alikuwa amekabidhiwa kwake na wazazi wake, wamesimama nje ya lango la shule wamevaa nguo za Jumapili.

Hapo akaelewa. Mzee alikufa ameshika. Hakuna aliyeuchukua usukani kutoka kwake, na mikono yake haikujua kuachia bila kupewa kitu kingine cha kushika.

"Mwalimu," akanong'ona, "mwache kijana. Mikono ninayo mimi. Shika yangu."

Pumzi ikanyamaza.

"Control ni yangu," sauti ikasema, kwa upole kabisa, kama siku ile Selpha alipofaulu mtihani.

"Control ni yako," Selpha akajibu.

Mikono yake ikaanguka magotini. Usukani ukalegea. Akamwambia Kipyego avute, na kijana akavuta kwa nguvu zote, magurudumu yakapita juu ya mahindi yakiyapangusa. Alirudi mpaka uwanjani na kutua vizuri kuliko alivyowahi kutua. Selpha alikaa kando yake njia nzima, mikono magotini, haimtii. Walipofika aliomba afunguliwe mkanda. Kabla hajafunguliwa, mikono yake iliufungua yenyewe, haraka haraka, yeye akiitazama.

Kipyego alirudi kwao Moi's Bridge, na ndege ikipita juu ya shamba anaingia ndani. Selpha hakuacha kazi. Bado anafundisha, na wanafunzi wanamsifu kwamba hakuna mwenye mikono mitulivu kama yeye. Marubani wa zamani wanamtazama akitua, halafu wanatazamana wao kwa wao. Nyumbani amekonda. Anakula akikiangalia kila kijiko kinavyokuja mdomoni, kama mtoto anayelishwa na mgeni.

Jioni moja, kabla ya chakula, Mama Selpha alimshika mkono ili waombe, kama walivyozoea tangu Selpha akiwa mdogo.

"Mama, usiushike huo," Selpha akanong'ona. "Si wangu."

Mama alidhani ni utani, akaushika vizuri zaidi, akafumba macho. Vidole vikamfunga kifundo cha mkono. Vikakaza. Akafumbua macho na kumwona mwanawe analia, anautazama mkono ule, anaubembeleza kwa adabu zote za mwanafunzi mbele ya mwalimu. Ilichukua muda mrefu kabla havijamwachia.

Siku hizi Mama Selpha anasalimia watu kwa mkono wa kushoto, na kanisa zima limeona, ila hakuna aliyemkosoa. Mkono wa kulia anauficha ndani ya sweta hata jua likiwa kali. Mke wangu aliwahi kuuona walipokuwa wakiosha vyombo. Kuna alama za vidole vinne, vipana, vya mwanamume, nyeusi kama za masizi, na haziendi kwa sabuni wala kwa mafuta ya maombi. Mwanzoni zilikuwa kwenye kifundo. Jumapili iliyopita zilikuwa zimefika karibu na kiwiko.